Dawati la sayansi ya jinai kwa mawakili wa msaada wa kisheria: namna ya kuliongoza, faili kwa faili

Taarifa ya mchambuzi kutoka Maabara ya Mkemia Mkuu wa Serikali huwa fupi: namba ya maabara, maelezo ya sampuli iliyopokelewa, matokeo, saini na mhuri. Wakili aliyepangiwa kesi na mahakama huisoma kwa dakika tatu na kuona kama mlango umeshafungwa. Lakini nyuma ya karatasi hiyo kuna fomu ya uwasilishaji, daftari la mapokezi, machapisho ya mashine, kumbukumbu za mizani, na mikono kadhaa iliyokishika kielelezo tangu kikamatwe. Kazi ya dawati ni kuzitafuta karatasi hizo, kuzisoma, na kumkabidhi wakili maswali ambayo anaweza kuyasimamia mwenyewe bila kuwa mkemia.

Mwongozo huu ni wa Tanzania Bara. Hapa utetezi wa wasio na uwezo hubebwa na mawakili wa kupangiwa na mahakama pamoja na taasisi zinazofanya kazi chini ya Sheria ya Msaada wa Kisheria Na. 1 ya 2017. Unamlenga mtu aliyepewa jukumu la kuongoza huduma ya kisayansi kwa mawakili hao, awe mwanasheria au mwanasayansi.

Watu na fomu ya kwanza

Watu watatu wanatosha kuanzia: wakili aliyewahi kuendesha kesi za jinai Mahakama Kuu, mtu wa maabara (kemia, baiolojia au teknolojia ya maabara ya tiba), na karani wa mafaili. Usimdharau karani. Dawati lisilojua tarehe ya kesi litatoa uchambuzi mzuri wiki moja baada ya kielelezo kupokelewa, na uchambuzi huo hautamsaidia mtu.

Fomu ya maombi ya wakili iwe ukurasa mmoja. Iulize namba ya kesi na mahakama, kosa, hatua iliyofikiwa (upelelezi, mwenendo kabidhi (hatua ya mahakama ya chini kuikabidhi kesi Mahakama Kuu), usikilizwaji wa awali, ushahidi wa Jamhuri, utetezi, rufaa), tarehe ijayo, vielelezo vya kisayansi vilivyotajwa, na swali moja la mwisho: mteja anasema nini? Mawakili wengi huliacha wazi swali hilo, na hapo ndipo utetezi huanza kupotea. Mteja akisema bangi haikuwa yake, na mteja akisema kile hakikuwa bangi, hizo ni kesi mbili tofauti. Ya kwanza maabara haina la kuisaidia.

Faili likiingia, ligawe siku hiyo hiyo. Swali la kugawia ni hili: ushahidi wa kisayansi ukiondolewa, kesi ya Jamhuri inabaki imesimama? Kwenye dawa za kulevya jibu karibu daima ni hapana, kwa hiyo faili hilo lipewe muda. Kwenye ubakaji mara nyingi jibu ni ndiyo. Tangu Selemani Makumba dhidi ya Jamhuri, [2006] TLR 379 (TLR ni ripoti za kesi za Tanzania), Mahakama ya Rufani imeshikilia kwamba ushahidi bora wa ubakaji ni wa mwathirika mwenyewe. Wakili anayejenga utetezi wote juu ya hoja kwamba hakuna kipimo cha vinasaba (DNA) anajenga juu ya mchanga, na dawati limwambie hivyo mapema, bila kumzunguka.

Kupata karatasi

Mahakama za chini hazina utaratibu mpana wa upande wa mashtaka kukabidhi kila kitu. Mahakama Kuu, mwenendo kabidhi ndio dirisha lako: maelezo ya mashahidi na vielelezo husomwa hapo, na shahidi ambaye maelezo yake hayakusomwa haitwi baadaye bila Jamhuri kutoa notisi ya maandishi. Mwambie wakili aandike orodha ya kilichosomwa, neno kwa neno. Taarifa ya maabara inayoibuka kwenye kesi ilhali haikuwamo kwenye orodha hiyo ni hoja ya pingamizi ambayo haihitaji sayansi yoyote.

Andaa barua ya maombi iliyokwishachapwa, wakili ajaze majina na tarehe. Iombe nakala za hati ya ukamataji mali, daftari la vielelezo la polisi (PF 16), lebo ya kielelezo (PF 145), fomu ya kuwasilisha sampuli maabara, barua ya kupeleka na ya kurudisha, ukurasa wa daftari la mapokezi la maabara, machapisho ya mashine pamoja na vipimo vya udhibiti vya siku hiyo, na cheti cha urekebu (uhakiki wa usahihi) wa mizani iliyotumika. Kwenye kesi za dawa, fomu ya uwasilishaji hujulikana kama DCEA 001 na taarifa ya mchambuzi kama DCEA 009 (DCEA ni Mamlaka ya Kudhibiti na Kupambana na Dawa za Kulevya). Barua iende kwa Ofisi ya Taifa ya Mashtaka, nakala mahakamani. Ukikataliwa umepata kitu pia: barua iliyojibiwa hapana, au isiyojibiwa kabisa, ni msingi wa kuiomba mahakama iamuru, na baadaye ni msingi wa rufaa. Ombi la mdomo koridoni haliachi alama yoyote.

Taarifa ya mchambuzi inaweza kupokelewa bila mchambuzi mwenyewe kufika. Kwa hiyo ombi la kumwita aje kuhojiwa liandikwe mapema, lisisubiri siku ya kielelezo. Kwenye PF3, yaani taarifa ya daktari, mshtakiwa anatakiwa kuelezwa na mahakama haki yake ya kutaka daktari aitwe. Kumbukumbu zisipoonyesha kuwa alielezwa, kwenye rufaa fomu hiyo hukaribia kuondolewa.

Jedwali la mikono

Uchambuzi wa kila faili uanze hapa, kabla ya kemia yoyote. Paulo Maduka na wenzake 4 dhidi ya Jamhuri, Rufaa ya Jinai Na. 110 ya 2007, iliweka kipimo: kumbukumbu zenye mfuatano wa wakati zinazoonyesha ukamataji, utunzaji, udhibiti, uhamishaji, uchambuzi na hatima ya kielelezo. Chora jedwali lenye safu saba: tarehe na saa, nani alitoa, nani alipokea, mahali, hali ya kifungashio na lakiri, uzito au idadi, na karatasi inayothibitisha. Jaza kwa kalamu nyeusi kilichomo kwenye karatasi, kwa nyekundu kilichosemwa na shahidi kwa mdomo tu. Nafasi iliyobaki wazi ndiyo swali la wakili.

Tuseme polisi wamekamata mifuko miwili ya majani Jumamosi jioni. Hati inasema kilo 12.4. Fomu ya maabara, siku tisa baadaye, inasema kilo 9.1. Wakili mgeni atarukia tofauti ya uzito. Mtulize. Majani mabichi hubeba maji mengi na hukauka, kilo tatu zinaweza kupotea kihalali, na mchambuzi atalieleza hilo kwa sentensi moja. Swali lenye meno ni jingine: mifuko ilipimwa wapi na kwa mizani gani Jumamosi ile, ilifungwa lakiri mbele ya nani, na ilikaa kwa nani kuanzia Jumamosi usiku hadi mtunza vielelezo alipofika kazini? Sasa geuza mfano. Kama hati ingesema kilo 9.1 na maabara 12.4, ukaukaji hauwezi kueleza. Hapo ama mizani moja ni mbovu, ama mmoja alipima na kifungashio na mwingine bila, ama si mifuko ile ile.

Kuna kosa ambalo mawakili hulirudia: kudhani kila pengo linavunja mnyororo wa utunzaji wa kielelezo. Joseph Leonard Manyota dhidi ya Jamhuri, Rufaa ya Jinai Na. 485 ya 2015, ililegeza kipimo kwa vitu visivyobadilika mikono kirahisi. Pembe ya ndovu yenye alama iliyochorwa si sawa na kete za unga mweupe. Ushahidi wa mdomo unaoaminika nao unaweza kuziba pengo la karatasi. Kwa hiyo jedwali lako liishie na tathmini ya mstari mmoja: kitu hiki kingeweza kubadilishwa, kuongezwa au kuchafuliwa bila mtu kutambua? Kama jibu ni hapana, nenda kwenye hoja nyingine.

Angalia saa kwa macho mawili. Askari huandika saa 4 usiku, mashine huandika 22:00, na mtu aliyetafsiri maelezo kwenda Kiingereza akiwa amechoka huandika 4 pm. Mahakama zimekuwa zikitumia Kiswahili kama lugha rasmi tangu marekebisho ya 2021, lakini karatasi za zamani na taarifa nyingi za maabara bado ni za Kiingereza, na tofauti ya saa sita hupenya humo kimya kimya. Kabla ya kushangilia kwamba kielelezo kilipokelewa kabla hakijakamatwa, hakikisha si hilo.

Nyara na nyama

Kesi za kukutwa na nyara za serikali, yaani wanyamapori au sehemu zao, ni nyingi kwenye wilaya zinazopakana na hifadhi, na washtakiwa wake ni maskini kuliko wote. Nyama huoza, kwa hiyo polisi huomba amri ya hakimu ya kuiteketeza, na kinacholetwa mahakamani ni hati ya orodha ya mali. Mohamed Juma Mpakama dhidi ya Jamhuri, Rufaa ya Jinai Na. 385 ya 2017, ilisema wazi: mshtakiwa lazima awepo mbele ya hakimu huyo na asikilizwe kabla ya amri kutolewa. Saini au dole gumba lake kwenye fomu pekee halitoshi kuonyesha kwamba alisikilizwa. Muulize mteja: ulipelekwa kwa hakimu siku ya nyama, au ulisainishwa kituoni?

Upande wa kisayansi ni utambuzi. Ofisa wa wanyamapori huja na kusema aliitambua nyama ya nyumbu kwa macho. Kichwa, ngozi, kwato au mkia vikiwepo, utambuzi huo una msingi na kumshambulia ni kupoteza muda. Vipande vilivyochunwa na kukaushwa ni jambo jingine. Mwulize ni alama zipi alizoziona, angezitofautishaje na za ng'ombe, na kwa nini sampuli ndogo haikuchukuliwa kabla ya kuteketeza. Spishi hutambuliwa kwa vinasaba vya mitokondria, ikiwemo jeni ya saitokromu b, na kinachohitajika ni kipande kidogo tu cha nyama. Maswali haya yasizidi matano. Shahidi wa namna hii akipewa nafasi ya kuhadithia miaka yake porini, anajijenga.

Dawa za kulevya

Uzito ndio unaoamua kosa, adhabu na hata mahakama yenye mamlaka, kwa hiyo chunguza mambo matatu. Kwanza, uzito wa jumla au wa dawa yenyewe bila kifungashio. Kete 60 za nailoni zina uzito wake. Pili, sampuli. Mwongozo unaotumika sana kimataifa ni huu: vifurushi chini ya 10, vyote vichukuliwe sampuli; 10 hadi 100, vichaguliwe 10 bila upendeleo; zaidi ya 100, idadi iwe kipeuo cha pili cha jumla. Mchambuzi aliyepima kete 2 kati ya 60 na kuandika kwamba zote ni heroini ametoa hitimisho kubwa kuliko kipimo chake. Tatu, aina ya kipimo. Kipimo cha rangi ni cha awali tu: Marquis, kemikali ya kupimia, hugeuka zambarau kwa heroini, lakini pia kwa mofini na afyuni nyingine. Uthibitisho hutoka kwenye kromatografia ya gesi iliyounganishwa na spektrometa ya masi, au mbinu yenye nguvu sawa. Taarifa isiyotaja mbinu, omba machapisho ya mashine. Ukiyapata, tafuta kipimo cha sampuli tupu (isiyo na dawa yoyote) kilichopita mashineni kabla ya sampuli ya mteja. Kama sampuli tupu nayo ina kilele cha dawa, mashine ilikuwa imebeba mabaki ya sampuli iliyotangulia.

Vinasaba

Hapa mawakili huogopa zaidi, na hapa dawati linatakiwa kuwa na mtu anayejua hesabu. Taarifa ya ubaba inayosema asilimia 99.99 haimaanishi kuna nafasi moja kati ya elfu kumi kwamba mteja si baba. Hesabu hiyo huanza kwa kudhani kwamba, kabla ya kipimo, uwezekano ulikuwa nusu kwa nusu, kisha inamlinganisha mteja na mwanamume wa kubahatisha asiye na undugu naye. Fahirisi ya ubaba, yaani matokeo yanawezekana mara ngapi zaidi mteja akiwa baba kuliko akiwa mtu huyo wa kubahatisha, ikiwa 10,000 na ikigawanywa kwa 10,001 ndiyo inazaa 99.99. Kama utetezi ni kwamba mhusika ni kaka wa mteja, mlinganisho na mtu baki haujibu swali la kesi. Ndugu wa baba na mama mmoja hushiriki wastani wa nusu ya vinasaba, na namba hushuka sana. Ombi kwa maabara liwe mahususi: fanya hesabu ukiweka kaka kama mbadala, au mpime kaka mwenyewe.

Kwa madoa ya damu au shahawa, kosa la kulitegea sikio ni sentensi inayogeuzwa. Mchambuzi akisema mfumo huu wa vinasaba hupatikana kwa mtu 1 kati ya milioni 1, mwendesha mashtaka atasema kuna nafasi moja kati ya milioni kwamba si mshtakiwa. Fanya hesabu ya wazi mbele ya hakimu: sensa ya 2022 ilihesabu watu 61,741,120, kwa hiyo mfumo huo ungetarajiwa kwa watu wapatao 62. Wakili asizidishe: hoja hii hufa pale ambapo mshtakiwa alikamatwa eneo la tukio.

Uhifadhi hauhitaji hesabu. Pamba iliyofungwa kwenye plastiki ikiwa bichi, kwenye joto la Dar es Salaam au Kyela, huota ukungu na vinasaba huvunjika. Inatakiwa ikaushwe hewani na ifungwe kwenye bahasha ya karatasi. Ila kumbuka uharibifu wa namna hii kwa kawaida huondoa matokeo, hauzushi mfumo wa mtu mwingine. Kinachozusha ni uchafuzi na mhamo: nguo za mshtakiwa na za mlalamikaji kwenye mfuko mmoja, au gari moja la polisi lililowabeba wote wawili.

Pale ambapo mlalamikaji ana chini ya miaka 18 na mtoto amezaliwa, kipimo cha ubaba kikiwa safi ridhaa haina nafasi, na swali la kisayansi linahamia kwenye umri. Makadirio ya umri kwa picha ya mifupa hubeba ukingo wa makosa wa takriban miaka miwili kila upande. Daktari aliyeandika miaka 17 bila ukingo aulizwe ukingo.

Simu

Sheria ya Miamala ya Kielektroniki ya 2015 inaitaka mahakama ipime namna data ilivyozalishwa, ilivyohifadhiwa na uadilifu wake ulivyolindwa. Picha za skrini zilizochapishwa bila aliyezitoa kueleza njia ni ushahidi dhaifu. Ukipewa nakala ya data, linganisha heshi yake (namba inayobadilika data ikiguswa) na iliyoandikwa siku ya uchimbaji. Simu iliyokaa imewashwa kituoni bila kukatwa mtandao huendelea kupokea na kubadilika. WhatsApp huhifadhi muda kwa saa za UTC, zilizo nyuma ya za Tanzania kwa saa tatu, kwa hiyo 19:04 ndani ya hifadhidata ni saa 4:04 usiku hapa. Rekodi za mnara huonyesha upande wa mnara uliohudumia simu. Hazionyeshi nyumba.

Kuita mtaalamu, au kutomwita

Kurudia kipimo ni uamuzi wa wakili na mteja, na ushauri wako uanze na hatari yake: kipimo cha pili kinaweza kuthibitisha cha kwanza, kwa sauti kubwa zaidi. Kama jedwali la mikono lina pengo kubwa, kupima tena ni kuliziba pengo hilo kwa gharama zako. Omba kurudia pale tu ambapo mteja anakana asili ya kitu chenyewe na hadithi yake haijabadilika tangu siku ya kwanza. Barua ya kumwajiri mtaalamu isainiwe na wakili, si na dawati, ili mawasiliano yabaki ndani ya siri ya wakili na mteja. Mpe mtaalamu machapisho ya mashine kwanza, bila maelezo ya kesi; mpe muktadha baadaye. Mwaka 2004 wachunguzi wa FBI walimhusisha kimakosa Brandon Mayfield, wakili wa Oregon, na alama ya kidole ya milipuko ya Madrid, na aliyeithibitisha alama hiyo alikuwa tayari anajua wenzake wamesema nini. Mtaalamu wako naye ni binadamu.

Kumwandaa wakili

Kikao kimoja cha dakika 40, siku mbili kabla. Toka nacho na karatasi moja: maswali ya dodoso (ya kumhoji shahidi wa upande wa pili) yasiyozidi kumi, kila moja la kujibiwa ndiyo au hapana, pembeni yake namba ya ukurasa unaomfunga shahidi. Swali la kwa nini lisiwepo kabisa, kwa sababu mchambuzi atalitumia kufundisha darasa.

Pingamizi lina wakati wake, na ni mfupi: shahidi anapoomba kielelezo kipokelewe, kabla hakijasomwa. Robinson Mwanjisi na wenzake 3 dhidi ya Jamhuri, [2003] TLR 218, inakataza yaliyomo kwenye waraka kusomwa kabla haujapokelewa. Baada ya kupokelewa, lazima usomwe kwa sauti. Usiposomwa, rufaa inaweza kuuondoa. Wakili asisaidie kwa kukumbusha.

Baada ya siku ya ushahidi, karani achukue mwenendo na aweke majibu ya mchambuzi kwenye benki ya dawati, kwa jina la mbinu na si la mtu. Mchambuzi aliyekiri mwaka huu kwamba mizani haikuwa na cheti cha urekebu atakutana na jibu lake kwenye kesi nyingine. Hukumu ziwekwe na namba ya rufaa, na vifungu vitajwe pamoja na toleo la sheria, kwani toleo lililorekebishwa husogeza namba. Kila faili lililofungwa libebe mstari mmoja: kielelezo kilipokelewa au la, na kwa hoja ipi. Baada ya mafaili thelathini utaona ni maswali gani yanayobeba na yapi ni mapambo, na fomu ya ukurasa mmoja utaiandika upya.